Kuandika kwa Jicho: Misingi ya Mswada wa Filamu katika Kiswahili

Kila fani ya uandishi ina mlango wake wa kuingilia. Mshairi huingia kwa sikio, maana mizani na vina havijulikani uzuri wala ubaya wake mpaka visikike. Mtambaji wa hadithi huingia kwa kumbukumbu, maana hadithi ni mambo yaliyokwisha kupita yanayorudishwa na ulimi. Mwandishi wa filamu naye ana mlango wake, nao ni jicho. Jambo hili ni jepesi kulitamka, na wanafunzi hulikubali mara waambiwapo. Walakini miswada yao ikifunguliwa, aghalabu huonekana kwamba wameingia kwa mlango wa jirani. Makala haya yanakusudia kupima kwa nini inakuwa hivyo, na ni misingi gani imfaayo mtu anayeanza kuandika filamu kwa Kiswahili, hasa aliye mbali na miji mikubwa.

Umbo la mswada wa filamu si gumu kujifunza. Kila onyesho huanza kwa mstari mmoja unaotaja mambo matatu: kwamba ni ndani au nje, ni mahali gani, na ni wakati gani wa mchana au wa usiku. Chini yake huja maelezo mafupi ya yanayotendeka. Mtu akisema, jina lake huandikwa katikati ya ukurasa na maneno yake chini ya jina. Kanuni iliyozoeleka tangu zama za taipureta huhesabu ukurasa mmoja kuwa sawa na dakika moja, hata filamu ya saa moja na nusu ikawa na kurasa 90 hivi. Kabla ya kufikia kurasa hizo, mwandishi hulitia wazo lake katika sentensi moja, kisha huandika muhtasari wa kurasa chache, kisha hupanga orodha ya maonyesho, moja baada ya jingine. Mtu mwenye bidii aweza kuyajua hayo yote katika juma moja.

Hata hivyo, kanuni ya ukurasa na dakika yapasa kupimwa kabla ya kuaminiwa. Ilikulia Marekani, katika lugha yenye maneno mengi mafupi. Katika Kiswahili neno moja kama "hatukumwambia" limebeba watenda, ukanushi, wakati, mtendewa na tendo. Mstari wa maneno sita ya Kiswahili waweza kuchukua pumzi nyingi kuliko mstari wa maneno kumi ya Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi asihesabu kurasa tu. Na asome mazungumzo yake kwa sauti, saa ikiwa mezani. Kanuni ya kuazima ni kama nguo ya kuazima: haikatazwi kuvaliwa, lakini mvaaji hana budi kujua inapombana.

Umbo basi si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni desturi, na desturi hii ina mizizi miwili.

Mzizi wa kwanza ni wa zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na jaribio la kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika, likiongozwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham, kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zile zilikuwa picha bila sauti. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa, yakachezwa pamoja na picha kila gari la sinema lilipofika mahali. Picha ilikuwa moja kwa watu wote. Maelezo ndiyo yaliyobadilika kwa lugha. Miaka mingi baadaye, kanda za video zilipoenea, wakatokea wafasiri wa filamu, kama yule aliyejipatia sifa Dar es Salaam kwa jina la Lufufu. Hao walizisimulia kwa Kiswahili filamu za Hong Kong, za Uhindi na za Marekani, wakieleza, wakitania, na pengine wakimtungia mhusika maneno ambayo hakuyasema kabisa. Watu walijaa katika vibanda vya video, ambavyo wenyewe waliviita vibanda umiza, kumsikiliza mfasiri kama babu zao walivyomsikiliza mtambaji.

Kazi ya wafasiri hao ni sanaa yenye heshima, na mhakiki asiyeionea fahari hakuifahamu. Lakini imeyazoesha masikio ya vizazi vizima kuamini kwamba picha ni ya mgeni na neno ndilo la mwenyeji. Kijana aliyekulia katika imani hiyo, siku atakaposhika kalamu kuandika filamu yake mwenyewe, huandika kama mfasiri: kila picha huiwekea maelezo. Hajatambua bado kwamba safari hii picha pia ni yake.

Mzizi wa pili ni jukwaa. Vichekesho vya mijini vya zama za ukoloni viliigizwa bila maandishi. Waigizaji walipatana juu ya kisa, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mbele ya watu. Ustadi huo uliingia katika michezo ya televisheni ya vikundi kama Kaole Sanaa Group, alimokulia kisanaa Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012. Kutoka huko uliingia katika filamu za biashara za Dar es Salaam, ambazo nyingi katika miaka ya mwanzo ya karne hii zilitengenezwa kwa muhtasari tu, mazungumzo yakibuniwa papo hapo. Matokeo yake yafahamike vizuri. Mwigizaji asiye na mswada hana akiba nyingine ila ulimi. Hawezi kubuni papo hapo mvua, wala mto, wala msururu wa magari. Aweza kubuni maneno. Ndipo hadithi ikakimbilia sebuleni, watu wakaketi juu ya makochi, wakaambiana mambo. Wengi wamelaumu waigizaji kwa hayo, au fedha haba. Lawama iliyo ya haki ni ya kalamu ambayo haikuandika.

Haya yote yanamhusu vipi mwanafunzi aliye mbali? Na achukuliwe mtu wa Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe, uliogawanywa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Yuko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, na mbali vilevile na Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Filamu amezijua kwa njia ya kibanda na ya simu. Atakapoketi kuandika, kishawishi chake cha kwanza ni kuihamisha hadithi yake: kuipeleka katika jumba la kifahari la pwani ambalo hajapata kukanyaga sebule yake, na kuwapa watu wake maneno ya watu wa mbali. Kishawishi cha pili ni kuwafanya watu hao waseme kila kitu. Vishawishi hivi viwili ni ndugu. Mtu asiyepajua mahali hana cha kuonyesha. Naye asiye na cha kuonyesha hana budi kusema.

Hebu lipimwe onyesho moja la namna iliyozoeleka. Baba na mwanawe wameketi ndani. Baba anasema: "Mwanangu, wajua kwamba tangu mama yako alipofariki miaka mitatu iliyopita, na bei ya kahawa ilipoanguka, nimeshindwa kukulipia ada, na sasa nakuomba uache shule unisaidie shambani." Mwana anajibu: "Ndiyo, baba, najua, lakini unajua jinsi ninavyopenda masomo." Maneno haya yana kosa moja lililo mama wa mengine: kila mmoja anamwambia mwenziwe jambo analolijua tayari. Baba hamwelezi mwana. Anamweleza mtazamaji, akijifanya anamweleza mwana. Ni mfasiri wa kibandani aliyevikwa nguo za baba.

Kisa hicho hicho, kwa mtu aliyeyaona mashamba ya Mbozi, chaweza kuandikwa hivi:

NJE. VICHANJA VYA KAHAWA NYUMA YA NYUMBA. ALFAJIRI.

Ukungu. Baba anageuza kahawa mbichi kwa kiganja. Anaokota punje nyeusi, anaitupa. Kijana anatoka nyumbani amevaa sare ya shule, begi mgongoni. Anasimama. Baba anatazama viatu vya kijana, kisha anarudi kwenye kahawa. Kijana anangoja. Anavua begi, analitundika kwenye nguzo ya kichanja, anaanza kugeuza kahawa upande wa pili. Hawatazamani.

Hapana neno lililosemwa, wala hapana jambo la lazima lililopotea. Kifo cha mama hakikutajwa. Kitapata onyesho lake, pengine kwa kanga iliyokunjwa isiyotumiwa na mtu. Bei ya kahawa haikutajwa. Itaonekana siku ya mizani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika filamu methali hiyo ni kanuni ya kazi: mtazamaji aliyeambiwa huketi akapokea, lakini mtazamaji aliyeachiwa huinama mbele akatafuta.

Kiswahili chenyewe kina chombo kizuri cha kumsaidia mwanafunzi katika jambo hili, nacho ni nyakati za vitenzi. Mtambaji husema "akaondoka, akaenda, akafika". -Ka- ndiyo miguu ya hadithi. Mswada wa filamu hauna -ka- wala -li-. Wakati wake ni -na-, maana mbele ya kamera kila jambo linatendeka sasa. Mabadiliko haya si ya sarufi tu. Ni chekecheo. Mwandishi na achukue kila sentensi ya maelezo yake aitie katika -na-, kisha ajiulize kama jicho laweza kuiona. "Huamka mapema kila siku" haipiti, kwa sababu kamera haiijui hu- ya mazoea. Yaijua asubuhi moja tu, na mazoea lazima yaonekane katika asubuhi hiyo moja, kwa mkono unaopapasa gizani ukaikuta taa pasipo kuitafuta. "Angependa kurudi kwao" haipiti, kwa sababu -nge- haina sura. "Mgeni hakuja" haipiti pia: kutokuja hakuonekani, ila huonekana sahani iliyofunikwa, na mwenye nyumba anayeifunua usiku akala peke yake. Mwanafunzi atakayezichekecha hivyo kurasa kumi za kwanza atakuwa amejifunza mengi kuliko aliyekariri majina ya sehemu zote za mswada.

Chekecheo hilo hilo hufaa kwa mahali. Mashariki ya Vwawa, karibu na kijiji cha Ndolezi, kuna kimondo cha Mbozi, chuma kilichoanguka kutoka mbinguni, ambacho uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12 au zaidi. Mwandishi anayeanza atataka kumpa mhusika wake, mwalimu au mwongoza wageni, hotuba ya tani hizo. Kamera haijui tani. Inajua mtoto aliyeweka mabega yake kwenye chuma akasukuma mpaka miguu ikateleza, na chuma hakikutikisika. Hesabu ni ya kitabu cha jiografia. Mabega ni ya filamu. Mtu wa Vwawa anao utajiri huu mlangoni pake: kimondo, ukungu wa Juni, reli ya TAZARA iliyojengwa katika miaka ya 1970 ikipita hapo kwenda Zambia, na barabara kuu inayobeba malori kuelekea Tunduma.

Utajiri wa mahali, hata hivyo, si hadithi bado, na hapa ndipo msingi wa pili unapoingia. Hadithi ya filamu huanza mtu anapotaka jambo akazuiwa. Msururu wa malori ya Tunduma yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde ni picha, tena picha nzuri. Lakini mtazamaji ataichoka katika dakika ya pili. Ndani ya lori moja na awekwe utingo ambaye dada yake anaolewa ng'ambo kesho asubuhi, na dereva wake amemkataza kuliacha lori. Sasa msururu ule ule umegeuka: kila gari lililo mbele ni adui, kila injini inayowashwa ni tumaini. Hakuna kilichoongezwa katika picha isipokuwa haja ya mtu mmoja. Vitabu vya ufundi huigawa hadithi katika sehemu tatu, mwanzo, kati na mwisho, na kutaja ukurasa ambamo kila badiliko lapaswa kutokea. Vipimo hivyo si vibaya, bali ni vya baadaye. Anayejua mhusika wake anataka nini, nani anamzuia, na atapoteza nini akishindwa, atazikuta sehemu tatu zimejipanga. Asiyejua hayo atajaza kurasa 90 bila kuanza.

Kuna jambo jingine ambalo wahakiki wa Kiswahili hawana budi kulisema waziwazi, nalo ni funzo. Fasihi ya Kiswahili imependa maadili tangu zamani, na sinema ya Tanzania ilianza katika njia hiyo. Fimbo ya Mnyonge, filamu ya Kampuni ya Filamu Tanzania ya miaka ya 1970, ilimfuata Yombayomba kutoka kijijini hadi taabu za mjini, kisha hadi kijiji cha ujamaa, ili ifundishe siasa ya wakati wake. Kufundisha si aibu. Aibu huja pale mzee anaposimama katika onyesho la mwisho akalitaja funzo kwa kinywa chake, kana kwamba mtazamaji alikuwa amelala. Ikiwa matukio yamekwisha kufundisha, maneno ya mzee ni ya bure. Ikiwa hayakufundisha, maneno ya mzee hayataokoa kitu.

Mtu aweza kupinga: je, Mswahili si mpenda maneno? Je, kuyapunguza maneno si kuiga wageni, na kuitupa mali tuliyorithi? Pingamizi hili lina uzito, na halistahili kujibiwa kwa dharau. Jibu la kwanza ni kwamba kila chombo kina haki yake. Katika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotolewa mwaka 1969, Ebrahim Hussein huwaachia wahusika wake wazizungumze njaa na kazi za kulazimishwa, na hapo ni sawa, maana jukwaa haliwezi kuleta shamba zima la pamba mbele ya watu. Filamu yaweza. Kumnyima mtazamaji wa filamu shamba hilo na kumpa mazungumzo juu yake ni kumpokonya haki yake.

Jibu la pili latoka katika filamu zenyewe. Mwaka 1992 Flora M'mbugu-Schelling alitoa These Hands, filamu ya dakika 45 juu ya wanawake wanaoponda mawe yawe kokoto karibu na Dar es Salaam. Hapana msimulizi anayetueleza umaskini ni nini. Kuna mikono, nyundo, mawe, jua na nyimbo. Ni filamu ya mambo halisi, isiyo na wahusika wa kubuni. Lakini mwandishi wa hadithi ana la kujifunza humo, maana wimbo, ambao ni neno katika hali yake ya fahari, unasikika kwa nguvu kwa sababu haukuzungukwa na maelezo. Maneno hayakutupwa, yamepewa nafasi.

Jibu la tatu ni la Vuta N'Kuvute. Riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 humfuata Yasmini, msichana aliyeozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri sana, katika Zanzibar ya kabla ya uhuru, na msimulizi ana uhuru wa kuingia moyoni mwake kila apendapo. Amil Shivji alipoigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, hakuwa na uhuru huo: kamera huishia kwenye ngozi ya uso. Hakuwa pia na nafasi ya kuchukua miaka yote na nyumba zote za kitabu. Ilipasa kuchagua, na kuchagua ndiyo kazi ya mswada. Mwanafunzi atakayeweka kitabu na filamu upande kwa upande, akaandika orodha ya yaliyoachwa na sababu ya kila moja kuachwa, atakuwa amepata somo ambalo hakuna mwalimu aliye mbali awezaye kumpa kwa barua. Zoezi hilo laweza kufanywa Vwawa kama Dar es Salaam. Linataka kitabu, filamu, daftari na subira.

Mwisho, yafaa kukumbuka kwamba mswada si wa sanaa peke yake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, iliwataka wanaoomba ruhusa ya kutengeneza filamu waeleze maonyesho yake na maneno yatakayosemwa. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, hulinda kazi iliyotungwa, wala hailindi wazo lililo kichwani tu. Kwa hiyo kijana anayekisimulia kisa chake kwa mdomo kwa mtengenezaji wa filamu, akitumaini kwamba wema utatosha, amekiacha kisa hicho njiani. Aliyekiandika onyesho kwa onyesho ana kitu mkononi.

Hilo ndilo lililo hatarini, na ni kubwa kuliko ufundi. Mikoa ya mbali itaonekana katika filamu, ipende isipende, maana kamera zimekuwa rahisi na barabara zimefunguka. Swali ni nani ataandika yatakayoonekana. Asipoandika mtu aliyegeuza kahawa alfajiri, ataandika mpita njia, naye ataona ukungu tu, hataona viatu vya kijana. Misingi ya mswada wa filamu ni michache, na mtu aweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja: mahali anapopajua, mtu anayetaka jambo, kizuizi, tendo linaloonekana, na neno linalosemwa pale tu ambapo tendo haliwezi kufika. Mwalimu anayeifundisha katika shule zetu na aanze na hiki cha nne, tendo linaloonekana, kwa kuwa ndicho ambacho masikio yetu yenye ustadi mwingi yametufanya tukisahau.